Akaunti ni yako, ila namba ya uhakiki inaingia kwa nani?

Kila semina ya kumwinua mwanamke kidijitali ni yale yale, piga picha nzuri, tumia hashtegi, posti kila siku. Sawa, yana kazi yake. Ila swali la kwanza kabisa halisemwi, hiyo akaunti ni ya nani?

Mdada anauza nguo mtandaoni, anajibu wateja mpaka usiku wa manane, wafuasi wanaongezeka, halafu ukimuuliza laini iliyofungua ukurasa ni ya nani anakwambia ya mume, au kaka ndo alimfungulia kwa imeili yake. Siku wakikorofishana jamaa anabonyeza "umesahau nenosiri", namba za uhakiki zinaingia kwenye simu yake, anabadilisha, kwisha habari. Wateja, picha, oda, vyote vimepata mwenyewe mwingine. Na ukilalamika kwa wenye mtandao utahangaika sana kuwathibitishia kwamba ni wewe, maana wao wanachokijua ni namba na imeili.

Kwa hiyo shosti kabla hujanunua ile taa ya duara ya kupigia picha, fungua imeili yako, tumia laini yenye jina lako, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake lisitoshe kuingia, itakiwe na namba nyingine juu yake. Kwenye WhatsApp ingia pale kwenye vifaa vilivyounganishwa, ukikuta kompyuta usiyoijua kuna mtu anasoma meseji zako kimya kimya (wengi hawajui hata kama hiyo sehemu ipo jamani).

Jingine linaloniudhi ni hawa wanaosema mwanamke anayeandika kwa jina la bandia ni muoga. Malala Yousafzai mwaka 2009 alikuwa na miaka 11, Taliban wamepiga marufuku wasichana kusoma kule Swat, Pakistani, na aliandika shajara yake kwenye tovuti ya BBC ya Kiurdu kwa jina la Gul Makai. Angetumia la kwake toka siku ya kwanza sidhani kama angeandika kwa uhuru ule. Jina lipi litoke na lini, uamuzi ubaki kwa mwandishi.

Najua ukianza kuhamisha akaunti, mume au kaka atakwambia "kwani huniamini?" Mjibu tu kwamba na yeye simu yake ina paswedi. Ila fanya leo mkiwa na amani, siku ya ugomvi utakuta ushatolewa kitambo.