Mbalamwezi ikiwaka na kijana bado hapati usingizi

Kijana wa Kibirizi au Katonga, mialo (vituo vya wavuvi) ya Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika, anayekwenda ziwani usiku kuvua dagaa hulala mchana, hula ovyo, na akirudi asubuhi hana hamu ya kuongea na mtu. Ukimpima kwa orodha ya dalili za sonona (ugonjwa wa huzuni nzito na kukosa hamu) iliyoandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa mjini, karibu kila kijana wa mwaloni ataonekana mgonjwa. Ndiyo maana wazazi wengi wa Kigoma wameshazoea kusema "huyo ni uchovu wa ziwa tu", na mara nyingi wako sahihi.

Lakini kuna kipimo ambacho ziwa lenyewe linatupa. Mwezi ukiwa mpevu, mwanga wa taa hauvuti dagaa vizuri, kwa hiyo mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kijana mwenye afya hulipa deni la usingizi: anaweza kulala fofofo siku nzima, kisha utamkuta kijiweni au uwanjani na wenzake. Anayekesha macho makavu hata siku hizo, au anayejifungia ndani mpaka mitumbwi inashushwa tena, huyo mfuatilie.

Yaani, usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mlinganishe na yeye mwenyewe wa miezi miwili iliyopita. Alikuwa anacheza mpira, ameacha. Alikuwa anamtania bibi yake, sasa anapita kama hamuoni. Mabadiliko ya namna hiyo yakidumu wiki mbili, karibu kila siku, na yakaanza kuharibu kazi, masomo au usafi wa mwili, hayo si mapito ya ujana. Kwa vijana, sonona mara nyingi haiji na machozi. Huja na hasira: anafoka kwa jambo dogo, anapigana, anaanza bangi au gongo ili alale. Wengine, hasa wasichana wa sekondari, hulalamika kichwa na tumbo. Kipimo cha malaria kikitoka hasi mara ya tatu na bado mnanunua dawa mseto dukani, acheni. Ulizeni usingizi wake, hamu ya kula, na kinachomtisha shuleni.

Kinyume chake pia ni kweli. Kijana aliyekuwa mzima jana, leo ana homa, anaongea vitu visivyoeleweka au hatambui watu, huyo si wa kliniki ya akili wala wa maombi ya usiku kucha. Inaweza kuwa malaria kali au homa ya uti wa mgongo, na saa zinahesabika. Hospitali kwanza.

Kuhusu kuongea naye: msimkalishe sebuleni mbele ya baraza la wajomba. Kijana wa huku hufunguka mikono ikiwa na kazi, mkishona nyavu, mkipukuchua maharage, mkitembea kutoka Mwanga kwenda Ujiji. Baba akiwa mkali, shangazi au bibi ndiye afungue mlango. Anza na ulichokiona, si na tuhuma: "Mwanangu, naona wiki hizi huli na wenzako, na usiku nakusikia uko macho. Kuna nini?" Kisha nyamaza. Akikaa kimya, usimjazie maneno. Sentensi inayofunga mazungumzo papo hapo ni ile ya "wenzako wana shida kuliko wewe na wanamshukuru Mungu".

Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake na kuaga aga, uliza waziwazi: "Umefikia kuwaza kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii, kwa kawaida linamtua mzigo. Akikubali, uliza kama amepanga namna na lini. Mwenye mpango haachwi peke yake hata kwenda chooni, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo. Viuatilifu vya shambani na dawa zote za nyumbani zitoke ndani, zifungiwe kwa jirani mnayemwamini, na ufunguo ubaki hukohuko. Kuficha juu ya kabati si kuondoa.

Ikiwa ameshakunywa kitu, msimtapishe. Maziwa nayo yatawapotezea muda tu. Bebeni chupa au pakiti. Kanuni ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na hofu hiyo huwafanya ndugu wamdanganye daktari kwamba "amekula chakula kibaya". Uongo huo ni hatari kuliko sheria: anayetibu lazima ajue ni nini, kiasi gani, na saa ngapi.

Kwa hali isiyo ya dharura, anzieni zahanati au kituo cha afya, muombe rufaa ya huduma ya afya ya akili. Kwa mkoa huu hospitali ya rufaa ni Maweni. Nendeni na karatasi yenye tarehe mabadiliko yalipoanza, saa anazolala, anachotumia, dawa zote alizomeza zikiwemo za mganga, na kama kuna ndugu aliyewahi kuugua. Bila hayo, dakika za daktari zitaishia kwenye kukumbushana. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaweza pia kupiga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure, na hata mzazi anaweza.

Dawa za sonona hazifanyi kazi kesho yake. Huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, na katika wiki za mwanzo kijana aangaliwe kwa karibu maana mawazo ya kifo yanaweza kuzidi kabla ya kupungua. Akipata nafuu asiache ghafla.

Kwa kijana anayesikia sauti au kuamini anafuatiliwa, dawa huwa nyingine, na hapa ndipo familia nyingi hukata tamaa mapema. Siku chache baada ya sindano au vidonge, shingo inaweza kupinda, macho yakapanda juu, ulimi ukakaza. Hutokea zaidi kwa vijana wa kiume. Watu husema shetani ameamka au dawa imemuharibu, na safari inageuziwa kwa mganga. Ni madhara yanayojulikana ya baadhi ya dawa hizi, na yana dawa yake: rudini hospitali saa hiyohiyo, yatatulizwa. Mkitaka maombi, ombeni, ila pasiwe na kufunga kamba, kufungisha chakula wala kusitisha vidonge.

Akipona, swali la kwanza la baba huwa ni lini atarudi ziwani. Kwa aliyewahi kuchanganyikiwa, kukesha ni moja ya vitu vinavyoweza kurudisha ugonjwa haraka, na dawa nyingine humlegeza mtu ambaye anatakiwa kusimama kwenye mtumbwi gizani. Mpeni kazi ya mchana kwa miezi ya mwanzo: kuanika dagaa, kupima, kufunga magunia, na kurudi ziwani kuamuliwe na anayemtibu.