Siku Moja Kati ya Kutu ya Kahawa na Mbega

Kazi yangu ni kuwaongoza wanafunzi wa sayansi katika miteremko ya Mlima Elgon, mashariki mwa Uganda, na leo walipaswa kulinganisha kuvu inayoishi ndani ya jani na mnyama anayeishi juu ya mti.

Saa mbili asubuhi tulikuwa tayari katika shamba la kahawa aina ya arabika. Mwenye shamba aligeuza jani moja: juu lilikuwa na mabaka ya manjano, na chini unga wa rangi ya machungwa uliobaki kidoleni.

"Wanangu, tafuteni mdudu alipong'ata," alisema.

Hawakuona tundu lolote. Kutu ya majani, kuvu ambayo wataalamu huiita *Hemileia vastatrix*, haitafuni. Chembe zake huota penye unyevu kwenye jani, hupenya kwenye vitundu vya kupumulia vilivyo upande wa chini, kisha huingiza vinyonyeo ndani ya seli zilizo hai, kwa kuwa haiwezi kujilisha kwenye jani lililokufa. Hata hivyo jani hupukutika kabla ya wakati wake, na mbuni uliopoteza majani mengi huzaa kidogo msimu unaofuata. Kutu hiyohiyo ilianza kuenea katika mashamba ya Sri Lanka mwaka 1869, na hatimaye wakulima wengi wakahamia kwenye chai.

Saa sita tulikula, tukapanda.

Saa tisa alasiri, ukingoni mwa msitu, tuliwakuta mbega weusi kwa weupe wamejinyoosha matawini. Mwanafunzi mmoja aliwaita wavivu, jambo ambalo si haki: tumbo lao lenye vyumba kadhaa hutegemea bakteria wa kuchachusha majani, na kazi hiyo huhitaji muda. Mbega hupendelea majani machanga, huchuma machache, kisha huhamia mti mwingine. Jike mmoja alikuwa amekumbatia mtoto mweupe pepe, kwa maana huzaliwa hivyo, na kwa kawaida huwa mmoja tu. Kutu ni kinyume chake: baka moja hutoa chembe kwa maelfu, zikabebwa na upepo na matone ya mvua.

Saa kumi na moja jioni, tulipokuwa tukiteremka, ubishi ulihusu nasaba. Wengi waliiweka kuvu upande wa mimea, nikawaeleza kuwa kuta za seli zake zina dutu iitwayo kitini, kama gamba la mdudu, na kwamba kwa ukoo iko karibu zaidi na mbega kuliko na mbuni inaoushambulia. Hawakukubali mpaka tulipofika barabarani.