Kumhamisha ndugu mwenye kifungo cha nje kwenda jimbo lingine Marekani

Jamani naandika hii kwa ajili ya familia zetu huku Marekani maana naona watu wanawaharibia watoto wao kesi kwa haraka tu. Mpwa wangu alihukumiwa probesheni Texas, kile nyumbani tunaita kifungo cha nje, mama yake yuko Tanga, kijana kule hana kazi na analala kwa marafiki wale wale waliomponza. Kwenye grupu la familia kila mtu akasema apande basi aje Minnesota kwangu mimi mjomba wake, mengine tutajua mbele ya safari. Nikakataa kabisa. Akivuka jimbo bila kibali hiyo ni kuvunja masharti, hati ya kukamatwa inaweza kutoka na kifungo cha nje kikageuka cha ndani.

Njia ipo. Majimbo yote 50 yako kwenye mkataba wa kuhamishiana watu wenye kifungo cha nje unaoitwa Interstate Compact, na maombi hupeleki wewe, anapeleka ofisa wa probesheni wa kule aliko, kwa hiyo kijana mwenyewe ndio aanze kumwambia. Awe amebakiza zaidi ya siku 90, awe anafuata masharti vizuri, na awe na ndugu wa kumpokea aliyeishi jimbo hilo siku 180 au zaidi, na ionekane atapata kazi au atatunzwa. Makosa madogo mengi hayaingii kwenye mkataba huu, hapo muulizeni ofisa kabla ya kupanga lolote.

Sasa kwenye ndugu ndipo tunapokwama. Wanahesabu mzazi, babu, bibi, mjomba, shangazi (mamkubwa na mamdogo wamo humo humo), mume au mke, kaka au dada mtu mzima, mtoto mtu mzima, mlezi wa kisheria na mzazi wa kambo. Binamu hayumo! Mtoto wa mamdogo uliyekua naye mnalala kitanda kimoja, hayumo, ukiombea kwake jimbo lina hiari ya kukataa. Inaniuma kwa sababu sisi ndivyo tulivyolelewa, ila ukijua mapema unaandika jina la mtu anayekubalika.

Jimbo linalopokea lina siku 45 za kuchunguza na kujibu. Kwetu alikuja ofisa mdada mpole tu, akataka kuona mkataba wa nyumba na bili ya umeme, akauliza kama kuna bunduki ndani, nani mwingine anaishi hapa, halafu akaomba kuona kijana atalala wapi, mke wangu akamfungulia chumba, kitanda kimeshatandikwa, akaandika weee mpaka chai ikapoa.

Akikubaliwa, anasimamiwa na jimbo jipya ila kesi bado ni ya hakimu wa Texas, na kwenye fomu anasaini kwamba akiharibu atarudishwa bila kupinga. Msomeeni hicho kipengele taratibu kwa Kiswahili kabla hajasaini.

Na kama hajawa raia tafuteni loya wa imigresheni, sio wa jinai peke yake. Ombi la uraia halipitishwi mtu akiwa bado kwenye probesheni, na mwenye grinikadi aliyehukumiwa anaweza kuzuiwa eapoti akitoka kusalimia nyumbani, kwa hiyo harusi ya Desemba asikatiwe tiketi mpaka loya na ofisa wake wote wawili waseme sawa.