Mikono iliyobaki Ravenna

Mama alipokuja kunitembelea Bologna mwezi wa Oktoba, niliamua kwamba kabla ya Roma na kabla ya Venezia nitampeleka Ravenna, mji mdogo ulio karibu na bahari ya Adriatiki, mwendo wa saa moja na kitu kwa treni. Mama ameshona nguo za watu mjini Tanga kwa zaidi ya miaka arobaini, na nilijua kuwa jicho lililozoea kuona mshono ukienda kombo kwenye pindo la gauni litaona mengi ambayo mimi nimeyapita bila kuyatambua.

Njia tuliyoifuata haifiki kilomita mbili. Inaanzia kanisa la San Vitale, inakatiza uwanja wa Piazza del Popolo, inafika kwenye kaburi la mshairi Dante, kisha inaishia kanisa la Sant'Apollinare Nuovo, ambalo liko karibu na stesheni. Nimeipita njia hiyo mara tatu sasa, na kila mara ninashikwa na jambo lile lile: karibu kila jengo utakaloingia limewekwa kwa ajili ya mtu ambaye hayumo.

Tulianza na kijengo cha matofali kilicho nyuma ya San Vitale, ambacho kwa nje hakina cha kumsimamisha mpita njia. Kinaitwa kaburi la Galla Placidia. Mwanamke huyo alikuwa binti wa Kaisari Theodosius. Wavisigothi, watu wa kabila la Kijerumani, walipoiteka na kuipora Roma mwaka 410 alikuwa mateka wao, akaolewa na mfalme wao Athaulf, akafiwa, akarudishwa kwa ndugu zake, akaolewa tena, na kuanzia mwaka 425 akaishika dola ya Kirumi ya Magharibi kwa niaba ya mwanawe, Valentinian wa Tatu, aliyekuwa bado mtoto mdogo. Wakati huo Ravenna ndiyo iliyokuwa makao ya makaisari wa Magharibi, tangu mwaka 402, kwa sababu mabwawa yaliyouzunguka mji yaliufanya uwe mgumu kushambuliwa. Lakini Galla Placidia alifia Roma mwaka 450, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba alizikwa huko huko. Majeneza makubwa ya mawe yaliyomo ndani ya kijengo hiki yanabeba kumbukumbu yake bila kumbeba yeye.

Ukiingia, inakubidi usimame kidogo ili macho yazoee, kwa kuwa madirisha yamezibwa kwa vibao vyembamba vya alabasta ambavyo huruhusu mwanga wa rangi ya asali tu. Kisha dari inajitokeza polepole, yote ikiwa mozaiki, yaani picha iliyoundwa kwa vipande vidogo vya kioo: buluu iliyokolea, nyota za dhahabu kwa mamia, na msalaba katikati. Dari iko karibu mno na kichwa, na sababu yake ni ya kusikitisha kidogo, kwani ardhi ya Ravenna imekuwa ikididimia kwa karne nyingi, na sakafu ya leo imeinuliwa takriban mita moja na nusu juu ya ile ya kwanza. Wageni huingizwa kwa zamu, na zamu yetu ilikwisha Mama akiwa bado anawaangalia njiwa wawili walio kwenye kingo za bakuli, mmoja akinywa maji na mwenzake akigeuza shingo.

San Vitale lenyewe ni kanisa la pembe nane lililowekwa wakfu mwaka 547, na tajiri mmoja aliyeitwa Julianus Argentarius ndiye aliyetoa fedha za ujenzi. Karibu na altare, Kaisari Justinian wa dola ya Kirumi ya Mashariki na mkewe Theodora wanatazamana katika mozaiki za kuta mbili, yeye akiwa ameshika sahani ya dhahabu na mkewe kikombe cha dhahabu, kila mmoja na watu wake. Wote wawili hawakuwahi kufika Ravenna. Majeshi yao ndiyo yaliyouchukua mji mwaka 540 kutoka kwa Waostrogothi, kabila jingine la Kijerumani, na picha hizi zikawekwa ili watu wa hapa wajue sasa wanatawaliwa na nani. Mtu pekee ambaye jina lake limeandikwa juu ya kichwa chake ni askofu Maximian, na yeye ndiye aliyekuwepo hasa, ndiye aliyeliweka kanisa wakfu.

Hapo Mama alisimama muda mrefu. Alinionyesha pindo la joho la Theodora, ambalo limetariziwa watu watatu waliovaa kofia za kuchongoka, wakiinama na zawadi mikononi.

"Mwanangu, hao ni Mamajusi," alisema. "Fundi ameweka picha ndani ya picha, tena mahali ambapo nguo inakunjika, na hakuwaharibu."

Nilikuwa nimeitazama picha hiyo mara mbili kabla na sikuwahi kuwaona. Tuliposogea karibu zaidi tuliona jinsi kazi ilivyofanywa. Kila kipande cha kioo ni kidogo kama ukucha wa mtoto, na vile vya dhahabu ni karatasi nyembamba ya dhahabu iliyofunikwa kati ya tabaka mbili za kioo. Fundi hakuvilaza sawasawa. Alivichomeka kwenye lipu mbichi vikiwa vimeinama huku na huku, hivyo ukipiga hatua moja pembeni mwanga unahama kutoka kipande hadi kipande, na joho linaonekana kama linatikisika. Picha ya kitabuni haiwezi kukuonyesha hilo hata ikiwa nzuri kiasi gani, na kwangu hiyo inatosha kuwa sababu ya kufunga safari.

Kutoka hapo mpaka Piazza del Popolo ni mitaa ya maduka, ambayo sina mengi ya kuisimulia. Uwanja wenyewe ni mzuri, una nguzo mbili zilizosimamishwa na Wavenezia mwaka 1483, na tulikaa kidogo ili Mama apumzishe miguu.

Kaburi la Dante liko hatua chache kusini ya uwanja, mwisho wa kijia kifupi. Dante Alighieri alifukuzwa na mji wake wa Firenze mwaka 1302, akatangatanga kwa wenyeji mbalimbali, na mwishowe akapokewa Ravenna na Guido Novello da Polenta. Alifariki hapa mwezi wa Septemba 1321, baada ya kutoka Venezia alikotumwa na mwenyeji wake. Firenze ilianza kumdai akiwa amekwisha kufa. Mwaka 1519 Papa Leo wa Kumi, aliyekuwa wa ukoo wa Medici wa Firenze, alitoa ruhusa mifupa ichukuliwe, lakini wajumbe walipofunua jeneza la mawe walilikuta tupu. Watawa wa Kifransisko waliokaa pembeni walikuwa wametoboa ukuta kutoka upande wao na kumficha. Kikaburi tunachokiona leo, chenye kuba ndogo nyeupe, kilijengwa na Camillo Morigia kati ya 1780 na 1781 wakati mwenyewe hayumo ndani. Mifupa ilikuja kupatikana mwaka 1865, ndani ya sanduku la mbao lililokuwa limezibiwa ukutani, wakati wa matengenezo. Vita Kuu ya Pili ilipokaribia ikafichwa tena, kuanzia Machi 1944 hadi Desemba 1945, chini ya kichuguu cha udongo ambacho bado kipo bustanini na kimewekewa jiwe la kumbukumbu.

Ndani ya kaburi inawaka taa, na mafuta yake huletwa kila mwaka mwezi wa Septemba kutoka Firenze. Mama aliniuliza mara mbili kama nimesema kweli, kwamba ni mji ule ule uliomfukuza. Nilipomhakikishia, alitikisa kichwa na kusema kwamba angalau wanaleta wenyewe. Mimi nina hasira zaidi kuliko yeye. Ninaona aliyefukuzwa akafia ugenini anastahili kubaki kwa waliompa kitanda, na ninawashukuru wale watawa kwa moyo wangu wote.

Makundi mengi ya watalii hugeuzia hapa, jambo linaloniuma, maana kilichobaki ndicho kinachonirudisha Ravenna. Sant'Apollinare Nuovo lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 6 na Theodoric, mfalme wa Waostrogothi, liwe kanisa la jumba lake. Yeye alikuwa Mkristo wa Kiario, yaani wa madhehebu yaliyokataa kwamba Yesu ni sawa na Mungu Baba, na watawala wapya walipoingia waliliona kanisa hilo kuwa la wazushi. Askofu Agnellus akaagiza ukuta ubadilishwe. Leo upande mmoja wanapita wanawake watakatifu 22, na upande wa pili wafiadini 26, wote wakielekea altare. Wafiadini hao wanatoka kwenye picha ya jumba la Theodoric, lenye nguzo nyeupe na matao, na ndani ya kila tao limening'inizwa pazia.

"Haya mapazia hayakuwepo," Mama alisema kabla sijamweleza chochote. "Tazama yalivyofungwa fundo katikati, yamekuja baadaye kuziba nafasi. Na ule mkono ni wa nani?"

Ni kweli upo. Katikati ya nguzo nyeupe kuna vidole vya mtu, vimeinuliwa, na upande wa pili wa nguzo lipo pazia peke yake. Waliokuwa wamesimama ndani ya matao, ambao huenda walikuwa Theodoric na watu wa baraza lake, walibanduliwa kipande kwa kipande, lakini pale mkono ulipokuwa umepita mbele ya nguzo, fundi aliuacha, kwa sababu kuuondoa kungemlazimu kuijenga nguzo upya.

Tuliihesabu mikono hiyo mpaka tukaanza kuumwa na shingo, kila mmoja akimwonyesha mwenzake ule alioupata. Mama alikuwa wa mwisho kuelekea mlangoni. Alikuwa anataka kujua kama vile vidole ni vya mkono wa kulia au wa kushoto, ili ajue mwenyewe alikuwa amesimama upande gani wa nguzo.