Maporomoko ya Pemba yako wapi?

Shemeji yangu ni mtu wa Moshi. Kwao, ukipanda kidogo mlimani unayakuta maporomoko ya Materuni, maji yanashuka jabalini kwa kishindo. Alipokuja Pemba mara ya kwanza ilikuwa masika. Tumetoka bandarini Mkoani, gari inapanda kilima inashuka bonde, inapanda inashuka, mikarafuu huku, mpunga kule, kila daraja chini yake maji yanapita. Tulipokaribia Chake akashindwa kujizuia: "Shemeji, maporomoko yenu yako wapi?"

Nikamwambia hatuna. Akacheka, akadhani namficha ili nije nimtoze pesa ya utalii.

Lakini swali lake lilikuwa na maana. Kisiwa chenye mabonde mengi namna hii, mbona maji hayaruki popote? Mimi fundi wa visima, na jibu lake hulipandisha kwa kamba na ndoo.

Ukichimba upande wa magharibi, tuseme kwenye vilima vya Chake au Wete, unaanza na udongo mwekundu, ule unaong'ang'ania jembe. Ukimaliza huo unaingia kwenye mchanga, mara mweupe, mara wa manjano. Hapo lazima uwe na adabu. Mchanga ukiudharau unamwagika kutoka ubavuni na kumfukia mtu, kwa hiyo tunasimama kwanza mpaka ukuta utiwe zege. Chini yake unakuja mfinyanzi wa kijivu, baridi, unanata kwenye sururu kama ubani uliotafunwa, na ukiuanika juani unapasuka vipande vipande. Kisha mchanga tena. Mara mojamoja tunagonga jiwe la chokaa lenye makombe ndani, na vijana hugombania kupiga picha. Jabali la kweli, la kuvunja patasi, huku vilimani sijalikuta.

Ndiyo sababu hatuna maporomoko. Poromoko linataka tabaka gumu likae juu na laini likae chini. Maji yanakula la chini, la juu linabaki limetokeza, na mto unaruka. Moshi wana mawe ya volkano ya kuwafanyia kazi hiyo. Kwetu kijito hakikuti wa kukizuia, kinajichimbia taratibu mpaka mteremko unalainika, bonde linapanuka, chini panakuwa tambarare, na wakulima wanaingia na mpunga.

Na huo mchanga na mfinyanzi asili yake si hapa. Katika kipindi wanachokiita Mayosini, kilichoanza miaka milioni 23 iliyopita na kwisha kwenye milioni 5 na kitu, mito ya bara ilikuwa ikimwaga mashapo, yaani mchanga na tope linalobebwa na maji, baharini mbele ya pwani hii, tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo mtu akiniambia Pemba haina mto wa maana, huwa namjibu kwamba vilima vyenyewe ni mzigo wa mito. Baadaye ardhi ikapasuka, sakafu ya bahari kati yetu na Tanga ikazama, sisi tukabaki juu. Mkondo wa Pemba leo una kina cha kufika mita 800. Wa Unguja na bara, sehemu kubwa haufiki hata 60.

Tofauti hiyo ya kina si mchezo. Miaka 20,000 hivi iliyopita, barafu ilipokamata maji mengi ya dunia, bahari ilishuka mita 120 au zaidi. Unguja ikaungana na bara, wanyama wakapita kwa miguu. Kwenye pango la Kuumbi, upande wa Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya pundamilia na nyati. Sisi hatukuungana. Hatukupata chui, wala kima punju (wale wa msitu wetu wa Ngezi waliletwa na watu miaka ya 1970). Badala yake tuna popo wetu na ninga wetu, yule njiwa wa kijani, ambao hawapatikani popote pengine duniani. Waunguja wakitutambia chui wao nawaambia wamtoe tumwone.

Kilichotokea Pemba wakati huo ni kwamba vijito vilipata mwendo mrefu zaidi wa kushuka, vikachimba mabonde yakawa marefu na ya kina. Barafu ilipoyeyuka bahari ikarudi na kuyaingia mabonde yale kwa mdomoni. Ukitazama ramani ya pwani ya magharibi, namna ilivyochanwachanwa, unatazama mabonde yaliyofurika chumvi. Hori la Chake ni hivyo hivyo. Nenda Wesha maji yakitoka, hasa siku za bamvua, maji yanapojaa na kutoka kupita kawaida, usimame utazame: tope, mikandaa, na katikati kijito chembamba kinajipinda kuelekea magharibi, kinafuata bonde lake la zamani.

Kama kisiwa hiki kiliwahi kuwa na poromoko, mimi ningelitafuta nje ya Ras Mkumbuu, ile rasi ya magharibi ya Chake, kule sakafu inapoanza kuporomokea mkondoni. Bahari ikiwa chini, mto wa Chake ulilazimika kushuka ule ukingo kwa njia fulani. Hayo ni mawazo yangu ya juu ya kisima, atakaye kuzamia akazamie.

Mashariki, Micheweni na kwingineko, habari ni nyingine. Kule ni maweni, jiwe la matumbawe lililobaki nchi kavu tangu bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka kama 125,000 iliyopita. Mvua ikinyesha inazama kwenye nyufa, mto haupati hata nafasi ya kuanza.

Haya mambo yananihusu mfukoni. Anakuja mteja ana kiwanja kizuri chini karibu na mikandaa, anataka kisima kifupi cha bei nafuu. Namkatalia. Chini ya lile tope kuna mchanga wa bonde la kale, na maji ya chumvi yanapenya humo kuja juu kuliko mtu anavyodhani. Mabonde kadhaa ya mpunga yameshaharibika hivyo hivyo, watu wamejenga matuta kuzuia bahari, na bamvua kubwa bado inavuka. Kwa hiyo namwambia apande nami kilimani. Tutachimba mara mbili ya kina na atalipa zaidi, lakini chai yake haitakuwa na chumvi.