Somo la makaa ya mawe lilianzia barabarani

Nafundisha Jiografia katika shule ya upili hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na mada ya nishati inapofika siifungui kwa kitabu. Naanza na maandamano. Mzazi mmoja alinijia akasema, "Mwalimu, wafunze wapite mtihani, usiwafunze kelele." Ni mtu ninayemheshimu, lakini kilichotokea hapa hakikuwa kelele.

Mpango ulikuwa kujenga mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, megawati 1,050, pale Kwasasi, upande wa bara. NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, ikautolea leseni 2016. Wavuvi, kina mama, vijana na wazee wa mji waliojikusanya chini ya muungano wa Save Lamu walipinga kwa mabango na kwa kesi, hadi tarehe 26 Juni 2019, jopo la kitaifa la mazingira lilipoifuta leseni ile.

Ami yangu ni mvuvi, na shule aliiacha akiwa mdogo. Ukimtajia mabadiliko ya tabianchi zamani, angekwambia hayo ni mambo ya semina za hoteli. Lakini alipoanza kuandamana alikutana na watu wa kumbishia. Wakamwuliza: moshi wa Kwasasi utakufikia wewe? Umeme huutaki? Hakuwa na jibu la kutosha, na hilo lilimuuma. Akaja kwangu jioni, tukakaa barazani, akaanza maswali. Moshi una nini ndani? Majivu yatamwagwa wapi? Ni kweli maji yatarudi baharini yakiwa moto?

Nikamweleza kwamba mtambo wa aina hiyo ukiwa pwani huweza kuchota maji ya bahari ili kupoza mashine, kisha ukayarudisha yakiwa na joto. Nikamweleza habari ya zebaki inayotoka kwenye makaa, inavyoingia majini na kupanda kutoka kwa dagaa hadi kwa samaki mkubwa, hadi kwa mlaji. Hewa ukaa nayo, inayobaki angani miaka mingi baada ya aliyeitoa kufa. Yeye akanieleza mikokoni: kamba anakulia wapi, tafi anakula nini, maji yakibadilika nani anahama kwanza. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, takwimu hiyo nilikuwa naiandika ubaoni kila mwaka, lakini hayo ya ami sikuwa nayo. Hakuna semina iliyowahi kumfanya aulize hivyo. Aliuliza kwa sababu kesho yake alikuwa anarudi barabarani na alitaka kusema kitu anachokijua.

Ndiyo maana siwaambii wanafunzi kwamba watu hujifunza kwanza, halafu wakaandamana. Hapa mambo mawili hayo yalikwenda pamoja.

Darasani tunausoma uamuzi wa jopo. Jopo liliona kwamba mikutano na wananchi ilifanyika kabla ya utafiti wa athari kwa mazingira, na kwamba ripoti ilipokamilika wananchi hawakupewa nafasi ya kutosha ya kuijadili. Nawauliza: mtu atatoaje maoni kuhusu ripoti ambayo haijaandikwa? Wanaelewa hapo hapo. Kisha tunafungua Katiba, kifungu cha 42 kuhusu mazingira safi na cha 37 kuhusu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko. Kila mwanafunzi huandika barua ya kuwaarifu polisi, kama sheria inavyotaka, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya maandamano. Ni zoezi la barua rasmi bora kuliko zote ninazozijua.

Siwatoi darasani kuwapeleka barabarani, na sitafanya hivyo. Mwezi Januari 1999 Wangari Maathai alipigwa hadi akavuja damu kwa sababu ya kwenda kupanda miti msitu wa Karura, Nairobi. Mtoto hawezi kuingizwa katika hatari ya namna hiyo kwa amri ya mwalimu. Lakini atajua kwamba Karura ipo leo kwa sababu kuna watu waliokataa kuondoka.

Na wapo wanafunzi ambao baba zao waliutaka mtambo. Walihitaji kazi, na hitaji hilo ni la haki. Mwaka huu msichana mmoja alisimama akasema babake angepata kibarua cha ujenzi, na kwamba waliofurahi 2019 hawakumletea kazi nyingine. Darasa likanyamaza, kisha likawaka moto. Mvulana wa Matondoni akamwuliza ujenzi ungechukua miaka mingapi, na baada ya hapo babake angefanya nini. Naye akamwuliza wavuvi wanalipwa nini sasa tangu bandari ya Lamu ijengwe. Kengele ilipolia hawakutoka, na kipindi kijacho tunaendelea na swali hilo la msichana, kwa sababu mimi pia sijalipatia jibu la kuniridhisha.