Mbona yeye hacheki?

Tangu Jumanne swali la mwanangu Lusajo halijanitoka.

Ile hadithi niliyowaahidi, ya mtoto anayeamka akiwa kipunji, yule kima wa milimani, niliimalizia kwa tochi ya simu, umeme umekatika. Nikawasomea wa nyumbani kwanza, tumekaa jikoni tunaota moto. Mnaijua baridi ya Tukuyu mwezi wa saba. Nimemchagua kipunji kwa sababu ni wa kwetu. Wataalamu walimwona Mlima Rungwe mwaka 2003, dunia ikatangaziwa 2005, lakini jina walilikuta kwa wazee wetu.

Basi mtoto anagoma kuoga, analala juu ya kabati, nywele zimemsimama utosini, mwalimu akimwita anaitika kwa ile sauti yao, nusu honi nusu kubweka. Mama mkwe alicheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Lusajo alikuwa kimya, anachora kwenye majivu kwa kijiti.

"Mama, huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Sita."

"Kama mimi."

"Ndiyo, baba."

"Mbona wote wanacheka, yeye hacheki?"

Nikasema, "Kipunji hachekagi."

"Haya," akasema, akaendelea kuchora.

Wiki hii tumemzika babu wa Masoko, nami nimehamishiwa darasa la tatu, ila kichwani imebaki ile "haya". Kwa sababu mwaka jana, mdogo wake alipozaliwa, Lusajo alikuwa paka wiki tatu nzima. Alitambaa, akanywa maziwa kwa kulamba kwenye sahani. Tulicheka. Niliwaita hata majirani waje kumwona. Leo nalikumbuka lile jicho lake, linaniangalia mimi tu kutoka chini ya meza, wala hakuwa anacheka.

Jana nikamwambia, "Hadithi haijaisha. Unadhani yule mtoto anataka nini?"

Hakufikiri hata kidogo. "Mtu amwitikie."

Nimefuta ukurasa wote wa mwisho. Sasa mtoto anabweka usiku kitandani, na bibi yake, kutoka jikoni, anambwekea naye. Nilipousoma, Lusajo akaruka juu ya stuli akabweka kwa nguvu zote. Mama mkwe akaweka mwiko chini, akaitikia. Huyo mtoto alicheka, jamani! Alicheka hadi akashikwa na kwikwi.

Mahindi bado hayajakauka, na leo tena kumeamka na manyunyu. Turubai lenyewe limetoboka katikati.